Bei ya Giza

Siku ya kwanza Mhandisi Bugingo alitukataza kompyuta.
Alichora pipa ubaoni, bomba juu, bomba chini, ufa ubavuni.
"Kinachoingia," akasema, "ni sawa na kinachotumika,
na kinachovuja, na kinachobaki.
Asiyeweza kulisawazisha pipa asiniguse mashine."
Nje ya dirisha, Nyakato ilikuwa ikichomelea mageti;
kila cheche iliporuka, taa yetu ilipepesa.
Niliandika daftarini: cheche ile nayo ni mahitaji.

Nikapewa kisiwa.
Kaya mia mbili na kumi, zahanati, mashine mbili za kusaga,
majokofu ya sangara pale mwaloni,
na taa za dagaa, zinazochajiwa mchana
ili usiku ziwahadae dagaa kwamba kumekucha.
Wenzangu waliugawa mwaka kwa masika na kiangazi,
siku za kazi na Jumapili.
Mimi nilimpigia mjomba Lugembe,
nikapata mgawo usiokuwemo kitabuni:
mwezi ukiwa mpevu taa hazishuki ziwani,
dagaa hawadanganyiki, chaji haina mteja.
Nikaongeza safu ya mwezi.
Bugingo aliitazama, kimya,
akachonga penseli ambayo tayari ilikuwa kali.

Kisha nikaharibu.
Niliandika saa mbili usiku: 2.
Saa mbili ya ugali, ya madaftari ya watoto, ya taarifa ya habari.
Mashine haijali jua linazama lini,
huhesabu kutoka usiku wa manane,
na iliniamini.
Ikawaamsha watu elfu moja saa nane za usiku,
wote wakisonga ugali, redio juu,
na jioni ikawalaza na njaa.
Nyanzala alicheka mpaka akamwaga chai.

Nikasahihisha, nikabonyeza.
Nilikuwa nimeiagiza jambo moja tu: tafuta gharama ndogo.
Ikatafuta kwa sekunde nne,
ikaleta jibu safi, bila hata onyo moja jekundu.
Paneli: sifuri.
Betri: sifuri.
Dizeli: sifuri.
Gharama ya mwaka: sifuri.
Kisiwa giza, Januari hadi Desemba,
na pipa limesawazika.

"Haijakosea," Bugingo akasema.
Akaweka kidole kwenye safu niliyoiruka,
safu ya umeme uliohitajika usifike.
"Hapa hukuandika bei. Umeiambia giza ni bure."
"Niandike shilingi ngapi?"
Akatazama saa yake. "Boti ya Ijumaa inaondoka saa tatu.
Saa tatu yetu."

Mwenye majokofu hakuhitaji kufikiri.
Alinitajia kilo, akanitajia bei ya kilo,
akanitajia na mnunuzi aliyemkimbia Machi.
Msagaji alihesabu kwa debe.
Muuguzi Mbuke hakunipa namba.
Alifungua droo, akatoa tochi ya plastiki,
akaniwekea mkononi.
Shingo ya tochi ilikuwa na vishimo, viwili viwili, juu na chini.
"Mikono yote miwili inakuwa na kazi," akasema.
"Mtoto hangoji nimpate wa kunishikia."
Nje mtu alikuwa anaita jina lake; akaenda.
Nilibaki nimeishika, nikiyahesabu meno.

Nimerudi na namba ya samaki na namba ya unga
na kisanduku kimoja kitupu.
Mashine haikubali kisanduku kitupu.
Niliandika namba, nikaifuta.
Nikaandika nyingine, ikapita bajeti ya wilaya,
nikaipunguza, nikaona haya, nikaipandisha tena.
Sekunde kumi na moja safari hii.
Paneli zikaanza kujitokeza, betri moja, ya pili,
na waya mwembamba kuelekea zahanati
kabla ya waya wa majokofu.

Bugingo atakagua kesho. Atauliza, kama anavyouliza kila mtu,
kila namba imetoka wapi.
Kando ya ile moja, palipoandikwa Chanzo cha takwimu,
nimeandika: meno.