Masale ya Mpakani

Mkungu wa mshare uliuzwa mara nne Jumapili ile.
Kila aliyeununua aliurudisha mbele,
"Unadiwe tena, Mchungaji apate nauli,"
hadi ndizi mbili zikaanza kuiva mikononi mwa mzee Kowero.
Babu zetu waliletewa Neno na watu waliopanda kwa miguu kutoka pwani.
Leo Machame nayo inatuma,
kwa ndizi, kwa mayai, kwa debe la mbege lililofichwa chini ya benchi
na kununuliwa kimyakimya.

Mimi nilinunua jogoo kwa bei ya mbuzi.
Si kwa upendo, Ndelilio.
Nilitaka usharika wote waone
kwamba aliyepunjwa kihamba hajapungukiwa.

Ulikuwa unakwenda Zaire kupatanisha watu,
na kati ya kahawa yako na kahawa yangu
hatua kumi na mbili za marehemu baba
zilikuwa zimelala bila mpatanishi.

Usiku wa mwisho nilimwona mkeo.
Apaikunda, kurunzi mdomoni, kisu mkononi,
alikata masale matatu pale pale mpakani,
akayafunga kwa kitambaa chenye maji.
Nilisimama dirishani mwa jiko,
na moshi ukanipa sababu ya macho yangu.

Asubuhi tarumbeta ziliwasindikiza hadi barabara ya lami.
Sifaeli amevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine,
kwa kuwa kwake yeye dunia yote ina baridi ya Machame.
Anaeli mgongoni, anacheka na kila mtu.
Nami nilikuwa shambani. Nilisikia tarumbeta tu.

Barua ya kwanza niliichukua posta ya Moshi, karibu na mnara wa saa.
*Ekseli imekatika Singida. Siku ya tatu leo.
Sifaeli amejifunza kukamua ng'ombe.*

Ya pili, Tabora.
*Anaeli ana surua. Muuguzi, Mwislamu,
alimpakata hadi alfajiri. Nilipoishiwa na sala
aliniazima zake.*

Ya tatu, Kigoma, karatasi imejikunja.
*Kreti la Biblia lilitumbukia bandarini.
Tumezianika ukurasa kwa ukurasa,
Zaburi na nepi kamba moja.
Ofisa wa forodha ameuliza: majani haya ni uganga?
Apaikunda amejibu: ni mpaka wa nyumbani kwetu.*

Hapo nilicheka peke yangu, mbele ya foleni ya posta,
halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Kisha kimya.
Vuli ikaja. Kahawa ikaiva, nikavuna ya kwangu,
ya kwako nikawaachia ndege.
Kibo kikajifunika na kujifunua bila habari.
Kanisani walianza kuwaombea kwa sauti ya chini,
sauti tunayoijua sote.

Mwezi wa tisa, bahasha nyembamba kutoka Kalemie.
Mistari minne, mwandiko wa Apaikunda:
*Masale mawili yalikufa njiani.
Moja limeshika.
Tumelipanda kichwani pa Anaeli.
Ndelilio anakuletea jani.*

Lilidondoka mapajani mwangu,
kavu, jembamba, limekunjwa fundo.

Bibi alitufundisha, mimi na wewe, mkeka mmoja:
fundo la isale likibisha mlangoni
huulizi deni ni kiasi gani.

Nilichukua jembe hadi mpakani.
Pale Apaikunda alipokata, visiki vitatu vimechipua,
kila kimoja vichwa viwili.
Nikapalilia hatua zote kumi na mbili,
nikapitiliza hadi chini ya kahawa yako,
giza likanikuta huko.

Jogoo yule yupo bado, kaka.
Anawika saa zisizo zake. Sijaweza kumchinja.

Na barua hii nimeiandika mara nne sasa.
Kila nikiimaliza
nairudisha mbele, kama ule mkungu,
naona bei yake bado haijatosha.