Msumeno wa Kongowea

Tsuma aliapa kwa kaburi la mamake:
umekata mivinje tu, kule Msambweni.
Basi nikamhesabia elfu nne na mia mbili,
nikaubeba begani ndani ya gunia la mchele.

Chumvi ya Mombasa haina adabu.
Skrubu zote zimekaza kama ndugu wenye kesi ya shamba.
Nimezilaza usiku kucha katika mafuta ya taa,
kwenye sufuria ambayo Mbodze bado anaiulizia.

Kabureta: petroli ya kale imeganda, rangi ya chai iliyolala.
Plagi: nyeusi. Upanga: umepinda, utanyooka.
Pistoni, namshukuru Mungu, haina mkwaruzo.

Lakini nilipofungua kifuniko cha klachi
likadondoka donge la unga, jekundu, limelowa oili.
Nikalinusa.
Mimi mtoto wa Mikindani,
nimecheza matopeni hadi kaa wakanijua kwa jina.
Huo si mvinje. Huo ni mkoko.

Tsuma, mashine yako imekusengenya.

Nikanyamaza. Nikachukua tupa,
jino baada ya jino, mara tatu, mara tatu;
mkono ukishashika kazi hauulizi.

Alasiri nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta.
Mara ya tisa ukakohoa moshi wa buluu,
ukanguruma, mbuzi wa jirani wakaruka ukuta,
na Mbodze akapiga kigelegele cha dhihaka, sufuria mkononi.

Nilifurahi. Sisemi uongo, nilifurahi.

Ijumaa anakuja mtu kuuchukua.
Lile donge nimelianika dirishani, juu ya gazeti.
Nitamuuliza: unaenda kukata nini?
Naye ataapa.