Daftari la Pande Mbili

Baba alikuwa na daftari moja tu,
kaunta buku ya jalada jeusi, pembe zimelika.
Ukilifungua mbele, mahubiri.
Ukiligeuza kichwa chini, kwa nyuma, kata.
Karatasi ni ghali, alisema,
na Mungu hajaomba daftari la peke yake.

Mwaka walipowarudisha madiwani
wazee wa usharika walikuja usiku, kofia mikononi:
"Mchungaji, wewe unajua kusoma barua za serikali,
halafu hunywi."
Hiyo ndiyo kampeni yote ninayoikumbuka.

Siku za baraza alishuka Moshi kwa miguu,
mabuti ya mpira kwenye tope la Kidia,
viatu vya madhabahuni ndani ya mfuko wa nailoni.
Mwenyekiti alimwita Mheshimiwa Mchungaji,
kikao kingine Mchungaji Mheshimiwa,
na jioni mama, bila kuinua uso kwenye moshi:
"Hapa ni Ndetaulwa, na kuni zimekwisha."

Nyuma, ukurasa wa tisa:
*Kalavati. Saruji mifuko 40. Imefika 31.*
Mbele, Jumapili ileile, hakuna neno juu ya wizi;
somo lilikuwa mwana mpotevu.
Ila kwenye matangazo, baada ya ndoa,
kabla ya mnada wa ndizi na kuku wa sadaka,
alivaa miwani akasoma polepole:
"Saruji, mifuko arobaini.
Iliyofika, thelathini na moja.
Tuombe."
Akanyamaza, muda mrefu kuliko sala yoyote.
Benchi la tatu likalia.
Jumanne alfajiri mifuko minane ilikuwa chini ya kengele,
mmoja umeshaganda jiwe.
Wa tisa haukurudi.
Aliandika: *Mmoja, Mungu anajua. Nami najua.*

Barua ya dayosisi ilipigwa kwa mashine:
achague, kanzu au kiti.
Sijui alijibu nini.
Niliikuta miaka baadaye, imekunjwa mara nne,
chini ya mguu wa meza, kuizuia isicheze.

Lipo jambo hakulileta mezani.
Barabara ya zahanati ilitaka pa kupita,
na pa kupita palikuwa kihamba cha Ndekusara,
mjane, migomba arobaini na makaburi mawili,
masale yamesimama vichwani pa wafu wake.
Angeweza kuugua siku ile.
Wengine waliugua.
Nyuma, ukurasa wa sitini: *Nimeunga mkono.*
Nukta ya mwisho imetoboa karatasi.

Usiku alikata jani la sale, akalifunga fundo,
akalibeba kwa mikono miwili kama baba yake alivyobeba,
yeye aliyebatiza nusu ya kilima.
Jani la sale halikataliwi.
Ndekusara alilipokea, akamkaribisha uji,
akasema, "Nimekusamehe wewe, Mchungaji.
Diwani bado hajaja."

Wagonjwa wanapita pale sasa,
wajawazito wanapita, hawafi tena kwenye machela.
Nasema hivyo kwa sababu ni kweli,
na kwa sababu baba hakuwahi kulisema.

Katikati ya daftari, mahali kata na mahubiri
vinakutana vichwa vikipishana,
ukurasa mmoja umeandikwa pande zote mbili za juu.
Huku: *Mazishi. Ndekusara. Zaburi ya 90.*
Huku, kichwa chini: *Ndekusara, fidia. Haijalipwa.*
Ulishike vyovyote, moja inasomeka imepinduka.

Mwezi uliopita nililipeleka halmashauri.
Kijana wa masijala aliligeuza mkononi,
akapuliza vumbi, akauliza nilifungulie jalada gani,
hizi ni kumbukumbu za kanisa au za serikali?
Wajukuu wa Ndekusara walikuwa wamekaa nyuma yangu, watatu,
na vitambulisho vyao.
Nikamwambia, anza kusoma.
Ukikwama, geuza.