Simu Thelathini na Moja

Kibanda changu hakina mlango wa maana:
mabati mawili, betri ya lori, sola juu ya paa,
na rafu niliyoipigilia misumari mwenyewe
kando ya barabara ya Oraba.
Kwa shilingi mia tano simu inalala kwangu,
mwenyewe anakwenda na kikaratasi chenye namba.
Saba ni ya Jokudu, muuza muhogo.
Kumi na mbili ya Anguyo wa bodaboda, kioo kimepasuka.
Ishirini ya Mwalimu Keji, anayenikumbusha kila jioni
nisiichomoe kabla haijajaa.

Usiku ule mtandao ulikuwa umekatika tangu magharibi.
Ukarudi saa saba, kwa kishindo kisicho na sauti:
rafu nzima ikafumbua macho.
Simu thelathini na moja, mwanga wa samawati,
zikitetemeka juu ya mbao kama kuku waliomnusa kicheche.
Sikufungua ya mtu. Sikuhitaji.
Maneno yalijianika yenyewe juu ya vioo, yale yale,
kutoka namba nisizozijua:
*Waliovuka Kaya wametia sumu kisimani.
Watoto wetu wanakufa. Amkeni. Njooni na mlicho nacho.*

Nikakaa. Nikahesabu.
Kila simu ina nyumba yake,
kila nyumba ina panga nyuma ya mlango,
la kufyekea, la kuchinjia kuku wa sikukuu.
Kule Oraba askari walikuwa macho, mpaka umetulia;
kilichovuka hakikupita kizuizini.
Wenye simu wamelala,
na hadi alfajiri, usingizi wao
ulikuwa umening'inia kwenye nyaya zangu.

Ningeweza kuzizima zote. Wazo hilo lilinijia.
Lakini uwongo hauna kitufe,
ukiuzima hapa unabisha hodi kwa jirani.
Nikachukua tochi na kopo, nikashuka kisimani.

Nikamkuta Kiden, mlinzi wa pampu.
Hana mshahara, ana kipande cha sabuni mwisho wa mwezi.
Ameketi juu ya dumu, anachonga gasketi
kutoka mpira wa tairi.
"Nani amepita hapa leo?"
"Wewe. Na mbwa wa Duku."
Akanywa kabla sijamaliza kueleza.
Nami nikanywa.
Maji yalikuwa na ladha ya chuma, kama siku zote.

Njiani nikamkumbuka mama
aliyenizaa ng'ambo ya mto huo huo, chini ya turubai,
mwaka ambao wageni tulikuwa sisi
na kila kuku aliyepotea tulikuwa tumemla sisi.
Hakupenda kusimulia. Alisema tu
kuna mwanamke wa kule alimpa ndoo
wakati wengine walimpa mgongo.
Jina lake hakulijua.

Alfajiri wakaja na vikaratasi vyao.
Sikumpa mtu simu kabla hajanipa sikio.
"Namba saba, ngoja. Humo mna ujumbe, ni wa uwongo.
Saa nane nilikuwa kisimani. Nimekunywa. Nitazame."
Jokudu akanitazama kweli, juu hadi chini,
kama anayepima muhogo, kisha akaufuta.
Mwalimu Keji akaandika jibu refu
lenye nukta na mikato yote mahali pake.
Wengine waliguna. Wengine walikwenda kumwuliza Kiden,
na hilo nalo lilinitosha.

Anguyo hakungoja.
Alininyang'anya simu, akasoma, akawasha pikipiki,
na ilipofika saa tatu
dirisha moja la wageni lilikuwa chini, vipande vipande.
Dirisha moja. Nami nimelihesabu, silifichi.

Jioni alirudi kuchaji.
Hakusema samahani, wala sikumdai.
Alisimama akigeuza kikaratasi chake vidoleni,
halafu akauliza mjini Koboko kioo kinauzwa wapi.
Nikamwambia fundi wa simu yuko karibu na soko.
"Si cha simu," akasema.