Tazama Chaki

Siku ya kwanza Ndeshukurwa hakunipa uzi.
Alinipa karatasi ya mfuko wa saruji, kaipiga mstari wa chaki,
na cherehani yenye sindano kavu.
"Shona," akasema, akaenda zake kumenya ndizi.

Nikaikodolea sindano macho,
inavyopanda, inavyoshuka, inavyong'aa kama jino la panya,
nikikihofia kidole changu.
Aliporudi, matundu yalikuwa yameuacha mstari
kama mbuzi waliokata kamba.

Hakucheka. Aliniinua kidevu kwa kidole chenye subana.
"Sindano inajua kazi yake. Wewe tazama chaki,
tena si hapa inapochoma:
pale mbele kidogo, kitambaa kinakoelekea."

Miaka kumi na saba sasa. Nina kibaraza changu Pasua,
na Kwaresima hii nina magauni ishirini na sita ya kwaya,
meupe, kola ya dhahabu,
yavaliwe Pasaka alfajiri.

Ng'ambo ya barabara Nderingo kafungua,
cherehani tatu za umeme, bango la taa, bei ya chini.
Juma zima nimeshona shingo imegeukia kwake:
nani kaingia, kabeba nini, katoka anacheka.
Jumatano nikaupachika mkono wa kulia kwenye bega la kushoto.
Nikafumua.
Nikashona.
Nikageuka tena kutazama.

Eliaichi wa kwaya akapiga simu: "Zimefikia wapi?"
"Imebaki vifungo tu, dada yangu,"
na kumi na sita zilikuwa bado jora,
limekunjwa, lina harufu ya duka.
Chini ya meza, ndani ya rambo,
mita moja na nusu ya kitambaa chao
nilikwisha kuikata blauzi ya binti yangu,
kwa macho tu, bado si kwa mkasi.

Wala sikuwa nimemwacha Yesu.
Yupo kwenye kalenda, juu ya pasi ya mkaa.
Yupo mdomoni: Bwana asifiwe, kisha bei.
Usiku ule umeme ulipokatika
nikakaa na mshumaa na mguu juu ya pedali tuli,
nikaona nilivyokwenda upande:
kumbe mtu hahitaji kumkana.
Inatosha kuangalia pembeni.

Nikamtazama basi, kadiri nilivyoweza.
Hakuniuliza habari za Nderingo.
Nilimwona amepiga magoti na beseni,
anaosha miguu ya watu atakaowalisha,
na mmoja wao ana mfuko wa fedha na nia yake,
naye hairuki miguu ile.
Nikaona aibu ya rambo.

Asubuhi nikapiga simu mwenyewe.
"Eliaichi, nilikudanganya. Kumi na sita sijazikata."
Kimya kirefu, jogoo wa mtu akawika humo ndani ya simu.
Hakusema si neno.
Alisema, "Tutaongea Jumapili," akakata.
Mita moja na nusu nimeikunja, nimeiweka juu ya meza
palipo na mwanga.

Chaki hufutika nguo ikifuliwa, watu wanaona mshono tu,
hapo mfano wangu unakatika uzi,
maana yeye hafutiki.
Mlima umejifunika, leo siku ya tatu,
na sijamsikia mtu wa Pasua akisema umehama.

Saa kumi Nderingo kavuka barabara
kaja kuazima bobini. Nikampa mbili.
Akaeleza, bila kuulizwa, mkopo wa zile cherehani,
na jicho langu likateleza, likapita begani pake,
likaanza kuhesabu wateja waliomngoja.

Nikalirudisha.

Pale mbele kidogo.
Kitambaa kinakoelekea.