Hoja ya Firigisi

Siku Jamhuri ya Banda ya pili ilipofika Webuye
nilifungua chumba saa kumi na mbili asubuhi,
kabla kinu cha Simwelo hakijaanza kunguruma ukutani,
na tayari kulikuwa na viatu kumi na tisa mlangoni,
kimoja bila mwenzake.

Mnaijua ya kwanza. Kama hamuijui, basi:
wewe ni jogoo, una banda, una mahindi madebe matatu,
juu kuna mwewe, nyuma ya choo kuna kicheche,
na jeshi lako ni vifaranga waliovaa vifuniko vya soda.
Tuliicheza miaka minne. Kitufe cha mraba kilifia mikononi mwetu.
Na kulikuwa na lile kosa:
ukimrusha jogoo mara mbili karibu na tangi la maji
alikwama juu, mguu mmoja ndani ya bati,
mwewe wakimzunguka kama wageni waliosahau jina la marehemu.
Hafi. Hashuki. Anawika tu.
Wekhuyo alishinda vita kumi na vinne namna hiyo
na akaiita mbinu.

Ya pili, tangi wamelirekebisha.
Ya pili, kuku hawatumwi.
Ukibonyeza SHAMBULIA, tetea mmoja mwenye miwani anainuka,
anakohoa,
anauliza kama akidi imetimia.

Mtoto wa Naliaka alilia kwelikweli, kwa kamasi,
maana mwewe ameshuka, amebeba kifaranga,
na kikao bado kinathibitisha kumbukumbu za mkutano uliopita.
Wekhuyo akadai ishirini yake.
Nikamwambia stima ikishaliwa haitapikwi.
Akaokota kaa, akaandika ukutani, juu ya bei zangu:

    Ya kwanza tuliipenda, kwa vituko na ujinga,
    Jogoo alipopanda, kwenye tangi na kuringa,
    Mwewe wote wakakonda, tangi likawa ni kinga,
    Ya pili imetushinda, kuku wajadili unga.

Nilihesabu mizani kwa vidole. Imetimia. Sikufuta.

Wiki nzima nilikaa na feni.

Alhamisi Nelima wa mitumba akaja kumtafuta mwanawe, fimbo mkononi.
Kwenye kioo kulikuwa na hoja mezani:
firigisi ni ya nani?
Jogoo: Ya baba, tangu enzi.
Tetea wa miwani: Mheshimiwa, kwa sasa imo tumboni mwangu.
Nelima alicheka mpaka akakalia kreti ya soda,
fimbo ikaanguka, mtoto akapona,
na mama mtu akauliza nusu saa ni pesa ngapi.
Jumamosi walikuja wanne na marobota yao.
Vitufe hawavijui. Wanawabishia kuku kwa Kibukusu,
wanahonga kwa punje, wanasubiri, wanahesabu mabawa,
na hoja ilipopita kwa kauli moja
banda zima liliinuka, hata mayai,
mwewe akaondoka bila mkia.

Wekhuyo alitazama kutoka mlangoni.
"Hivyo si vita," alisema. "Hayo ni maandalizi ya harusi."

Labda. Mimi nauza dakika, sina upande.
Ila usiku nikifagia huwa nalikumbuka lile kosa,
jinsi tulivyolijua peke yetu,
kama jirani anavyojua mahali ua ulipotoboka.

Jana tokeni ilikuwa imebaki yuniti moja.
Nikamkuta amekaa peke yake. Hapigi kura. Hashambulii.
Anamtembeza jogoo pembeni, polepole, hadi kwenye tangi.
Akamrusha mara mbili.
Jogoo akaanguka kama jogoo.
Lakini ubavuni mwa tangi, chini, kwenye magugu,
mahali ambapo hakuna mtu mwenye shughuli,
waliolitengeneza walikuwa wamepigilia kibao cha bati:
HAPA ALISIMAMA. HAKUSHUKA.

Wekhuyo alikisoma mdomo ukitembea.
Akakisoma tena.
Akaniuliza, bila kugeuka, kama nina ishirini ya kumkopesha,
na stima ikapotea kabla sijamjibu.