Gimbo

Harusi ya binti wa Bi Somoe, mwaka jana,
nilitembea kinyumenyume mbele ya maharusi,
nimeshika kamera kwa mikono miwili kama bakuli la mchuzi,
na bado ikamwagika.
Bi Somoe aliitazama video mara moja, akashika ukuta.
"Mwanangu, hii ni harusi au tetemeko?"
Akanilipa nusu.
Nusu nyingine, akasema, kanunue utulivu.

Basi nikaanza kuulizia bei ya utulivu.

Mtwara mjini, dukani kwa Likwena,
umepangwa kwenye kabati la kioo.
Wa laki tisa una mota tatu: ukiuwasha unaamka,
unatafuta usawa wenyewe, kama punda aliyezoea njia.
Wa laki mbili na nusu ni wa simu tu.
Wa laki nne, Likwena anaapa, unabeba karibu kila kamera.
Hilo *karibu* ndilo lililonirudisha Newala
na hela yangu mfukoni.

Nikamwambia mama, nataka gimbo.
"Jimbo?" Ungo ukasimama hewani.
"Na wewe unagombea? Khanga za kugawa unazo?"
Jioni hiyo mtaa mzima ukaniamkia, shikamoo mheshimiwa.

Nikaipeleka kamera ghalani, kwenye mzani wa korosho.
Chinduli, karani, akaiweka katikati ya vumbi la magunia.
Mshale haukutikisika.
"Huu hauoni kitu chini ya kilo," akasema.
"Waulize wakulima."

Buchani wakaitandikia gazeti:
gramu mia tisa na kumi, na lenzi yake, na betri yake.
"Bila mfupa," akasema muuza nyama.
Nikampigia Likwena. Ile ya laki nne inabeba mwisho ngapi?
Akakohoa. Mia tano.
Kumbe karibu ni mbali hivyo.

Ndipo nikaenda kwa Nantanga, mchomeleaji wa mageti.
Akanichorea chini kwa kipande cha waya:
bomba la baiskeli, beringi moja,
mkono wa chuma kwa chini, na nati za trekta
za kuongeza, za kupunguza.
"Haina mota, haina chaji. Umeme ukikatika, haina habari."
Elfu arobaini na tano.
Nikatoa thelathini; kumi na tano, baada ya mnada.

Wiki ya kwanza iliyumba kama mgeni wa pombe.
Nati moja ni nyingi, nusu nati hakuna.
Nikaipeleka ukingoni, Shimo la Mungu,
upepo ukaikamata, ukaizungusha kama mwari anayechezwa,
bega likawaka moto, nikamkumbuka punda wa laki tisa.

Mama alinitazama nikizunguka uani na dude langu.
"Magoti! Unakanyaga mbigili?"
Akachukua ndoo, akaijaza mpaka mdomoni,
akajitwisha, akapita mbele yangu, akarudi.
Ardhi ikabaki kavu.
"Nimepanda na hii kutoka bondeni kabla ya mabomba yenu.
Shingo haibebi maji. Yanabebwa na magoti."
Nikakunja magoti.

Mnada wa pili ulipolipa, harusi zikafuatana kama mvua za masika.
Video zangu sasa zinateleza.
Bibi harusi anakuja, anakuja,
wala hujui kama kuna mtu anayemtazama.

Usiku mmoja nikafungua ile ya tetemeko.
Pale baba mtu anapomshika binti mkono, picha inaruka,
na mimi nakumbuka: nilikuwa nacheka,
mzee alikuwa amevaa viatu tofauti, na machozi yanamtoka,
hata sikuona mkeka, nikajikwaa.
Yote yamo. Kicheko changu kimo, katika mtikisiko.

Siku hizi, baba wa binti akisimama,
nafungua nati moja,
naiweka mfukoni.

Kumi na tano ya Nantanga bado sijalipa.